Nyati Mwenye Bega Bapa

Mtaa wa Kinu 14,
Elgen, Iowa.
12 Machi 1996

Mpendwa Binamu Ragna,

Salamu zikufikie huko Perth ukiwa na afya tele. Mumeo Neville hajambo? Na lile goti lake korofi, limetulia? Sisi huku wazima. Theluji bado imelala uani, mke wangu Lorraine amepona mafua, nami tumbo langu linaendelea kunitangulia kila mlangoni. Daktari aliniambia nipunguze siagi. Nimempunguza daktari.

Sasa vuta kiti, maana nina habari, na inamhusu marehemu baba yako. Klabu ya Sarafu aliyoianzisha, ile yenye jina lake, ipo! Nasema hivyo kwa sababu Jumamosi mchana ilikuwa imebakiza pumzi moja.

Sikukuandikia mapema nisije nikakutia simanzi. Tumebaki wachache, na nywele zetu ni chache kuliko sisi. Wenzetu wa klabu ya Prairie Junction wametushinda kwenye shindano la kupima sarafu miaka nenda miaka rudi. Safari hii tulipatana nao hivi: tukishindwa tena tunajiunga nao, na jina la Sivert Tveit linashushwa ukutani. Wa kwanza kunyoosha mkono kukubali alikuwa nani? Mimi. Unanijua, mdomo wangu hufika kabla ya akili.

Shindano lenyewe ni lile lile la baba yako. Sarafu inawekwa chini ya taa, namba iliyopewa na waamuzi imefunikwa, nawe unaandika daraja unaloona inastahili, kuanzia moja hadi sabini. Sitini kwenda juu ni sarafu ambayo haijawahi kutumika. Anayeikaribia zaidi namba ya waamuzi ndiye mshindi. Na hakuna kuchagua aina: unachota kikaratasi, ukiangukia usiyoijua, shauri yako.

Basi mimi ni mtu wa dola za fedha. Shemeji Ardith, dadake Lorraine, ni mtu wa senti tano za nyati, zile zenye sura ya mnyama huyo upande mmoja. Tumegombana majira yote ya baridi. Mimi nilishikilia kwamba namba ni namba. Dola ya daraja la sitini na nne na senti tano ya sitini na nne zinapaswa kulingana kama mayai ya kuku mmoja. Yeye hucheka mpaka miwani imdondoke.

"Shemeji," aliniambia garini tukiwa njiani, "wewe unampima mbuzi kwa pembe za ng'ombe. Dola zako ziligongwa chapa ikakolea. Hawa nyati wa kiwanda cha Denver waligongwa kwa vyuma vilivyochoka. Mnyama kazaliwa hana manyoya begani, wewe unasema yamemnyonyoka!"

"Asiye na manyoya ni mzee," nikamjibu.

"Basi kajitazame kwenye kioo."

Lorraine, aliyekuwa anaendesha, alicheka nusura atutie mtaroni.

Tulikutana kule kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, na chapati za viazi na ile kahawa yetu inayoonyesha kitako cha kikombe. Hadi sarafu ya mwisho tulikuwa sare. Ardith aliangukia dola, akaipima barabara, akanikonyeza. Kisha nikachota mimi. Senti tano ya nyati, Denver, miaka ya ishirini. Ardith haruhusiwi kusema neno. Alibaki kutafuna ncha ya skafu yake. Aliyenikabili ni Burdell Kopp, mwenyekiti wao, naye mtu wa dola kama mimi.

Nikaishika kwa ukingo. Bega la nyati lilikuwa bapa kama meza. Nikajisemea, imechakaa hii, hamsini na tano. Nikaandika tano ya kwanza.

Kisha nikaiinamisha tena taratibu, kama ninavyofanya na dola zangu. Sarafu ikilika, mng'ao hukatika pale palipolika, pakabaki kijivu. Huu haukukatika. Ulizunguka kama gurudumu, ukapita juu ya lile bega bapa bila kujikwaa. Hakuna mfuko wala kidole kilichowahi kulisugua. Nilikuwa naidai ile sarafu kitu ambacho kiwanda hakikuipa! Ardith alikuwa na haki majira yote ya baridi, na hilo liliniuma kuliko goti la Neville.

Mungu ni mwema: tano ukiifunga mkia inakuwa sita. Nikaufunga, nikaandika nne kando yake.

Burdell akainua kadi yake: hamsini na tano. Alipoiona yangu akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Pole, Orrin. Sasa bega liko wapi?"

"Limebaki Denver," nikasema. "Halikutoka kiwandani."

Mwamuzi akafunua namba. Sitini na nne!

Ragna, ungetusikia! Ardith alinirukia shingoni, kahawa ikamwagika, na mzee Elof, ambaye tulidhani amelala, akaanza kupiga meza kwa fimbo. Burdell aliichukua ile sarafu, akaiinamisha, akaiinamisha tena, halafu akacheka hadi machozi. "Nyati kanipiga teke," akasema, akanipa mkono. Ni muungwana, ingawa sitamwambia.

Jumatatu tukakaa chini ya jina la baba yako kama kawaida. Nikasimama kwa madaha kutangaza kwamba sasa nimeelewa: kila sarafu ipimwe kwa jinsi ilivyozaliwa.

"Siyo hivyo tu, shemeji," Ardith akanikatiza. "Na waliozaliwa vibaya kabisa, nao utawapa sabini?"

Nikasema ndiyo. Elof akasema huo ni upuuzi. Mwingine akaleta robo dola kuthibitisha, na hapo ndipo moto ulipowaka. Hatukukubaliana hata jambo moja, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Msalimie sana Neville, na bintiyo Greta na watoto wake. Lorraine na Ardith wanakukumbatia, na mzee Elof anauliza kama huko mna theluji. Mola awalinde, awape usingizi mwema na vicheko vingi.

Ni mimi binamu yako nikupendaye siku zote,
Orrin Tveit