Ruhusa ya Kwenda Ndera

Garsen, 9 Aprili 1957

Mjomba Buya,
Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Dagane wa lori ameniambia mama hali chakula tena, na ananitaja. Nataka kumwomba Bwana Mpimaji, ambaye mimi ni karani wake, aniruhusu nije kabla mvua haijafunga njia. Nimeandika kwa Kiingereza: "I leave Garsen for my mother." Nisahihishie, wala usinicheke.
Mwanao, Athman

Ndera, 16 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Tunajikokota. Mama yako hainuki, lakini anasikia. Sentensi hiyo itakufukuzisha kazi! Ukisema "leave Garsen", unauhama mji. Anayeelekea kwao husema "leave for Ndera"; na anayekwenda akarudi huomba "leave", yaani ruhusa. Mzungu humpima mtu kwa kalamu yake. Andika upya, niione mimi kabla hajaiona yeye. Usikimbilie.
Mjomba wako, Buya

Garsen, 23 Aprili

Mjomba,
Shikamoo. Mama anaendeleaje? Hii hapa: "I beg for leave. I am leaving for Ndera." Mawingu yamekuwa mazito huku. Niipeleke?
Mwanao, Athman

Ndera, 1 Mei

Mwanangu,
Marahaba. Jana mama yako alisikia hodi, akauliza kama ni wewe. Kumbe alikuwa jirani Mwanaarusi, analeta uji. Anataka akupe radhi kwa mkono wake. Barua yako inapendeza, ila "I am leaving" ni kumwarifu mkubwa jambo ulilokwisha kuliamua. Sema "I wish to leave". Chini weka "Your obedient servant", yaani mtumishi wako mtiifu. Sasa ipeleke.
Mjomba wako, Buya

Garsen, 20 Mei

Mzee Buya,
Bwana aliisoma nikiwa nimesimama mbele yake. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Athman, mama mgonjwa tangu lini? Mbona hukusema? Ungepanda lori siku ileile."
Mwaka mzima tunasemezana Kiswahili, yeye na mimi, habari za kamba na vigingi. Sikudhani ugonjwa wa mama ungeweza kusemwa hivyo ofisini.
Nilipokwenda kupanda lori, njia ilikuwa imekatika kwa mvua, na Dagane amekwama huko kwenu. Nimekaa kivukoni hadi leo, Dagane alipoteremka kwa mtumbwi akaniambia mmekwisha kumzika.
Bwana alisema barua haina kosa hata moja.
Athman