Fungate Iliyokatizwa na Bunge

...na hilo ndilo nililokuwa sijakwambia, Bibi, kwamba harusi hatukuifuta. Ulisema mwenyewe ukiwa kitandani Mkokotoni, "Nikifa msizime ngoma. Mtoto aolewe." Basi tulingoja arubaini yako ipite, nikaolewa. Ngoma ilikuwa moja tu, na waliocheza walicheza huku wakifuta macho.

Nimeolewa na Suleiman. Yule yule uliyemwita mwalimu wa shingo ndefu. Siku hizi hafundishi tena, ameteuliwa kuwa mbunge, anakwenda Dar es Salaam kwa vikao. Ananukia iliki, akicheka hufumba macho, na akiniita "Zuwena" naliona jina langu jipya, kama sijapata kuitwa. Nisamehe, najua hukupenda maneno mengi ya mapenzi. Lakini nimwambie nani kama si wewe uliyenilea?

Sasa nikueleze mambo kama yalivyokuwa.

Siku ya nne ya fungate, tumo ndani Mkunazini hatutoki, ikaja habari kwamba Bunge litajadili mkataba wa ulinzi wa bahari na nchi jirani. Ni ule ule uliomponza Mjomba Makame. Ulikuwa unatumika kwa muda tu, sasa umeletwa wabunge waupitishe. Mwanao alikwenda dago kaskazini na wenzake, kama baba yake alivyokuwa akienda, wakapiga kambi yao ya uvuvi kisiwa kile kile cha siku zote. Boti ya doria ya jirani ikawashika, wakafungwa huko. Kusini kuna vita, silaha na magendo hupita baharini, nchi mbili zimekubaliana kulinda pamoja, na kila chombo wasichokijua hukizuia. Wewe ulikuwa umekaa mkekani unasuka ukili ulipoletewa habari, ukasema, "Serikali mbili zikipeana mikono, nani atazame vidole vya mvuvi vilivyobanwa katikati?" Ukafa hujajibiwa.

Suleiman alikaa kitandani akitazama viatu vyake. Somo yangu aliyenifunda, Bi Mwanakhamis, akamsimamia mlangoni: "Mbunge gani weye! Fungate haijesha ushataka kukimbia? Biharusi ananuka shombo?" Wanawake ukumbini wakaangua kicheko. Mimi nami nilitaka abaki, Bibi. Nilitaka abaki hata mwaka.

Lakini si fungate iliyomzuia. Aliniambia tulipobaki wawili, "Nikisimama watasema namtetea mjomba wa mke wangu. Usalama wa nchi mbili si mambo ya ukoo."

Nikamwambia, "Kila aliyeshikwa ni mjomba wa mtu. Usimtaje Makame. Wasemee wote."

Akaniuliza nguo zake za safari ziko wapi. Nikamtolea suruali ya kijivu, nikaipiga pasi mwenyewe kwa mikono ya hina, na somo akanung'unika mpaka magharibi.

Nilikuwa nikidhani kazi ya mbunge ni kupiga makofi waziri akimaliza kusoma. Suleiman aliporudi alinieleza. Alisema aliuunga mkono mkataba, maana bahari isiyo na mlinzi ni mlango usio na komeo. Kisha akauliza: anayeshikwa anafikishwa mbele ya nani? Kwao anaambiwa nani? Na sisi tunaoombwa fedha za boti, tuzipitisheje bila kujua boti hizo zinamkamata nani? Mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Bwana harusi, rudi kwa mkeo!" Ukumbi mzima ukacheka. Akangoja kicheko kiishe, akaliuliza tena lile lile.

Waziri akakubali lichunguzwe. Wabunge wachache wa kwetu wakatumwa kukutana na wenzao wa huko, wakaenda pamoja mpaka jela ya pwani, wakawasikiliza wavuvi mmoja mmoja. Suleiman hakuwamo. Nilidhani atahuzunika, akasema, "Afadhali. Sasa hapana atakayesema neno." Mkataba umepita, na kumeongezwa kwamba mvuvi wa dago akijitambulisha kituo cha karibu asiguswe. Akina Mjomba wakaachiwa, ila vyombo vyao bado vimezuiliwa huko.

Mjomba alitua gatini Malindi, hapa mjini kwetu, Jumatatu. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Akaiona hina yangu, uso wote ukamfunguka: "Ushaolewa, mwanangu! Na mama? Kabaki Mkokotoni?"

Bibi, hapana aliyekuwa amemwambia. Wakubwa walikuwa wameulizana kuhusu silaha, mipaka na doria, na habari ya kifo chako haikuwa na njia ya kupita. Suleiman alifungua mdomo anisaidie, nikamshika mkono. Ile haikuwa kazi ya mbunge. Nikamwambia mimi.

Mjomba akaitika, "Naam," kama mtu aliyeitwa. Kisha akakaa chini pale pale gatini, watu wakawa wanampitia kando na mizigo yao.

Yuko kwetu sasa. Anakula kidogo, anamwita Suleiman "mkwe" na kumtania kwa shingo yake. Kuja kaburini kwako ndiko hakuwezi. Anasema anaona haya, ulimngoja naye hakutokea. Nimemwambia mama haonewi haya.

Pumzika, Bibi yangu, huko uliko kusiko na doria. Kabla mwezi mwengine haujaandama nitamleta Mkokotoni. Akikataa njiani nitamngoja akae chini apumzike, kisha tutainuka tuje.

Zuwena