Limbuko la Bamia, Jeddah

Zuhura, mwanangu,

Utaona mistari inapanda na kushuka. Mkono wa mwalimu umechoka, lakini ni mkono wangu mwenyewe. Sikutaka kukutumia sauti kwa simu, maana ungenisikia ninavyohema ukaanza kulia kabla sijamaliza. Na barua hii naiacha wazi, atakayeisoma aisome. Wako mama wengine waliobaki nyumbani na donge kama langu, na wao pia wanamwambia kila anayeuliza kwamba hawana neno.

Wakumbuka kibustani chetu cha nyuma ya nyumba, Kisauni? Nilikuwa nikirudi shuleni na chaki bado mikononi, nakukuta umechuchumaa kwenye matuta, magoti yote udongo. Nilikufundisha kwamba aliyepanda halimbui mwenyewe. Cha kwanza kuchumwa hupelekewa mama, aonje, aombe dua, ndipo wengine wale. Ulikuwa ukinikimbilia na bilingani moja kiganjani kama aliyebeba yai. "Mama, limbua! Fungua mdomo!" Lilikuwa bichi, chungu, nami nililiuma nikakusifu.

Kisha ukaja ule wakati mawakala wa kazi za ndani walipojaa mjini, kila mtaa ukawa na binti aliyekwenda Saudia. Nawe ukaenda Riyadh. Wenzio wengine simu zao zilinyamaza, wengine walirudi na makovu wasiyotaka kuyaeleza. Wewe ulijaliwa nyumba ya watu wema. Mama mzazi wa bosi wako, ajuza asiyependa kukaa bure, alikuwa na bustani ya mboga uani, na wanawe waliposafiri kukimbia joto mlibaki nyinyi wawili na bamia zenu.

Ulinitumia sauti kila wiki. "Mama, leo tumejaza karai! Yumma asema nakata bamia kama ninayepasua kuni!" Na nyuma yako nikasikia kicheko chake.

Yumma. Hakuna aliyehitaji kunifasiria kwamba ndivyo watu wa huko wamwitavyo mama. Majirani waliponiuliza habari zako, nilijibu, "Hajambo, wanampenda." Nikiingia ndani niliirudia ile sauti tena na tena, si kukusikiliza wewe, bali kumsikiliza yeye.

Familia ilipohamia Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, nami nikajaliwa kwenda umra, bosi wako aliridhia nije nilale kwenu kabla ya kurudi na wenzangu. Kiangazi kilikuwa kinakwisha, lakini hewa ilikuwa bado imelowa, nguo hazikauki mwilini. Mabilingani yalikuwa yamelala chini kwa uzito. Mlikuwa mmepanda hata zile mbegu za kunde nilizokufungia kwenye leso, na ajuza alicheka alipokuona ukichuma majani yake. "Anauliza sisi ni watu au ni mbuzi," uliniambia. Ukamjibu kwa Kiarabu cha mbio nisichokiweza, naye akakupiga kibao cha mzaha mgongoni. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mgeni.

Bamia mlizopanda upya zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kuzaa. Asubuhi ile ulikata za kwanza kabisa, ukaziweka kiganjani, ukageuka. Nilinyoosha mkono. Nilishaanza hata kutia nia ya dua. Ukanipita, ukainama mbele yake. "Bismillah, yumma." Akaiuma moja mbichi, akafumba macho, akakuombea. Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Nikaupeleka kichwani, nikajifanya natengeneza buibui.

Najua hukukusudia. Mkono wako ulikuwa umezoea njia ile, na hilo ndilo lililoniumiza.

Mchana mlipopakua, ajuza alisema neno, ukanigeukia. "Anauliza, mama, mboga zimekuwaje?"

"Mwambie zimepungua chumvi."

"Mama! Usinune mbele za watu."

"Sinuni. Ni hili joto lenu. Haya, mwambie."

Ukamwambia jambo jingine, refu na tamu, maana alinishika mkono kwa furaha akanibusu bega. Sijawahi kubusiwa na mtu nikamchukia namna ile.

Ndani ya ndege ya kurudi nilitamani jambo ambalo sijamwambia mtu. Mama wenzangu huomba watoto wao wapate nyumba kama yako. Mimi nilitamani nyumba ile ikugeuke japo kidogo, wakukaripie, wakunyime, ili ulie na kunitaka mimi. Nimeomba toba kwa hilo. Wivu wenyewe haujatoka.

Juzi ukanitumia sauti nyingine: ajuza ameanguka, hasimami, hataki mtu mwingine amguse wala aichume bustani yake ila wewe. Bosi yuko radhi uisogeze likizo yako ya kuja nyumbani mpaka baridi ipite. "Mama, wasemaje?" Nikajibu upesi, kwa sauti niliyoikaza, "Kaa, mwanangu. Mkubwa ni mkubwa. Mimi mzima, alhamdulillahi." Waliokuwa chumbani wakanisifu kwa moyo wangu mpana.

Si mzima. Moyo umechoka, Zuhura, miguu imevimba, na daktari ameshawaambia ndugu zako kwamba sitapona, wanizoee hivi. Niliwakataza wasikuambie.

Mama mwema angekuandikia umsindikize mzee wa watu, upate thawabu. Nimejaribu kuandika hivyo, kalamu imekataa. Yeye ana wanawe, wana magari na madaktari, awaite wao. Mimi nakutaka wewe unioshe uso, uninyweshe uji, unigombeze nisipomeza dawa. Sitaki kufa nikiwa nimekugawa.

Kwa hiyo nimeghairi. Muombe bosi wako akutolee ruhusa ya kusafiri sasa hivi, baridi isingojewe. Mbusu ajuza mikono. Amekutunza wakati mimi siwezi, namshukuru hata ninapomwonea wivu. Akikushika nguo usiende, jifungue taratibu, lakini jifungue.

Na wakikuuliza ni mama yupi anayekuita, waambie ni yule mwenye wivu.

Njoo salama.

Mama yako aliyekuzaa