Magunia Tisa ya Libori

Jumatatu, 9 Juni
Kuchuchumaa mara ishirini kabla ya chai, kama kila siku. Goti la kulia limelia. Mke wangu amecheka. Acheke tu. Wanaume wengi wa miaka arobaini na saba hapa Ifakara wana vitambi na wanahema wakipanda baiskeli. Mimi bado nabeba gunia la mpunga mgongoni na kupanda nalo ubao hadi juu ya lori.

Kinuni kuna meneja mpya. Wabebaji ni saba, anataka kupunguza. Karani atahesabu magunia ya kila mtu siku kumi za kazi, na kila jioni atatoa wastani. Ukiwa chini ya wastani siku tano, siku ya kumi unaondolewa. Asiyekuja kwa ugonjwa hahesabiwi siku hiyo.

Wastani leo 60. Mimi 58. Mwenzangu Libori 41. Siamini ile 58.

Jumanne, 10 Juni
58 tena. Chini. Sudi, kijana wa Lupiro, amebeba 70 huku anapiga mluzi. Namchukia.

Jumatano, 11 Juni
Libori hakuja. Homa na kifua. Nimejikaza, nimefikisha 59, nikajua nimepita. Karani akasoma: wastani 63! Siku ya tatu chini.

Nimekaa na daftari la mwanangu nikapiga hesabu. Libori ndiye anayeushusha wastani. Akikosekana, wa mwisho ni mimi. Akija anaumwa, akabeba hata ishirini tu, mimi napita. Nimerudia hesabu mara tatu.

Alhamisi, 12 Juni
Alfajiri nimekwenda Lumemo kwa Libori na baiskeli. Kajifunika blanketi, anatetemeka. Nikamwambia, "Kaka, ukilala leo wanakufuta. Panda nikupeleke." Uongo. Ana siku mbili tu chini. Angelala hadi wiki ijayo, kazi yake ingebaki. Hajui, kwa sababu Jumatatu meneja alipokuwa anaeleza, yeye alikuwa chooni, na mimi ndiye niliyemsimulia, nikasahau la ugonjwa.

Nimempa panadol. Amebeba 20. Wastani 57, mimi 59. Juu! Nimekula ugali sahani mbili.

Jumamosi, 14 Juni
Jana juu, leo juu. Libori 17. Leo amefikisha siku tano chini, kwa hiyo kazi yake imekwisha. Sijamwambia. Namhitaji siku nne zaidi.

Mkewe ametuletea nyumbani perege watano wa kukaanga. "Shemeji, Mungu akulipe. Bila wewe angeshafukuzwa." Walikuwa watamu.

Jumatatu, 16 Juni
Goti limevimba. 55 tu, wastani 56. Siku ya nne chini, kwa gunia moja! Libori amebeba 17. Kwa nini asibebe kumi? Nimemkasirikia njia nzima ya kumrudisha kwao.

Jumanne, 17 Juni
Nimepita, kwa shida. Libori anakohoa hadi anashika ukuta. Sudi kamwambia, "Mzee, nenda kapumzike." Nimemfokea Sudi aache kumharibia mwenzake kazi. Wote wakarudi kwenye magunia yao. Nadhani wameniona mtu mwema.

Jumatano, 18 Juni
Juu. Imebaki kesho. Nimepaka goti dawa ya kuchua mara mbili.

Alhamisi, 19 Juni
Saa nne asubuhi Libori kaanguka kutoka ubaoni, gunia likamfuata. Kavunjika nyonga. Sijawahi kusikia mtu mzima analia vile. Alikuwa amebeba tisa.

Wamempakia kwenye bajaji. Mimi sikwenda. Nilimwendea karani nikamuuliza: yale tisa yanaingia kwenye hesabu? Alifungua daftari, akaandika. "Yanaingia."

Nikarudi ubaoni. Wastani 55. Mimi 57.

Nimebaki kazini. Tumebaki watano. Libori ameondolewa, na mbebaji mmoja wa Masagati aliyeishiwa nguvu wiki hii.

Jumapili, 22 Juni
Nimekwenda wodini baada ya misa. Libori kalazwa chali, mguu umefungwa uzito. Nilimpelekea machungwa. Hakuyaangalia.

Akasema, "Karani alipita jana. Kaniambia ningelala tu nyumbani, ningekuwa na kazi."

Nilimenya chungwa moja. Akageuza uso ukutani.

Mkewe hajaambiwa. Amenisindikiza hadi geti, ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili, ananishukuru kwa kuhangaika na mumewe siku zote zile. Ameshukuru njia nzima. Nilimwacha amalize.