Neno Moja kwa Kila Mutoto

Ruashi, tarehe 8 septemba 2024

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana, mama. Afya iko namna gani? Mugongo inakuacha unalala? Huku siye tuko bazima, tunashukuru Mungu. Bwana yangu Merdi eko na kazi yake ya kusudé, kuunga milango ya chuma na moto. Abigaëlle ameota meno mbili, anauma hata kifuniko ya sufuria. Ukimuona utacheka: sura ni yako, hasira ni ya baba yake.

Barua hii nampatia Mumba wa camion ya samaki, juu ya vile kule kwenu telefone inakamata tu pa juu ya kichuguu, na maneno yangu haina ya kupandia pa kichuguu kijiji yote isikie.

Mama, nimepata kazi kidogo. Usiogope, haina kazi ya mu mine, ya kuchimba shaba. Ni ya bantu ba université. Beko banatafuta kujua vumbi na maji ya karibu na mine inafanya nini batoto mu tumbo ya bamama zao. Banauliza bamama huku Ruashi, kule Kipushi na kule Likasi. Sasa balipoweka majibu yote pamoja, ikakatala kuungana. Kila équipe, kila kundi, ilikuwa inaandika na maneno yake. Huku "karibu na mine" ni kama unaona ukuta yake, kule Kipushi ni kama unasikia mulipuko. Docteur Numbi, njo mukubwa wa kazi, akasema: "Tutengeneze kwanza dictionnaire moja, kitabu ya maneno ya siye bote. Neno moja, maana moja. Kama hapana, tuko tunahesabu upepo." Njo akaita siye bamama sita tumusaidie na Kiswahili, juu hakuna mama atajibu muzuri ulizo yenye haelewi.

Tunachekaka, mama! Juzi tulifika ku "maji ya robinet", maji ya bomba. Mama Joséphine wa Kipushi akainua mukono: "Docteur, robinet yangu inatoa upepo tangu nilipoolewa. Miye utaniandika wapi?" Docteur akacheka mpaka akatosha lunettes pa macho. Kiisha bakaandika: "maji yenye munakunywa kweli."

Lakini juma hii tulifika ku batoto benye balikufa. Hapo hakuna mwenye alicheka. Huku banaandika "mort-né", amezaliwa amekufa, kule Kipushi "fausse couche", mimba imetoka, na kule Likasi "alirudi", juu bamama bote njo vile banajibuka: mutoto alirudi. Docteur anasema mwenye alikufia mu tumbo na mwenye alitoka akapumua, habawezi kuwekwa pamoja, juu pengine kitu yenye ilibaua haina moja. Kila mutoto apate neno yake. Na kiisha siye bamama ba kazi, kila mumoja atajibu juu ya batoto yake mwenyewe.

Ule wangu wa kwanza, mama, nilimubeba huku Ruashi miezi yote, nikakuja kumuzalia kwako. Nilizimia. Nilipoamuka tumbo ilikuwa tupu, na hakuna mwenye alinifunulia kinywa. Sikukuuliza. Leo nakuuliza: alilia?

Mutoto yako mwenye anakupenda,
Mama Abigaëlle


Kijijini, tarehe 29 septemba

Mwanangu Daniella,

Nimepokea salamu zako na sabuni. Miye niko, mugongo iko. Mihogo imeanza kukauka muzuri. Mumba atakuletea samaki ya moshi, usimupatie Merdi yote, na weye unanyonyesha.

Ile ulizo, uirudishe kwa bale bantu ba université.

Unajua kwetu. Mutoto mwenye anakufa mbele kitovu haijaanguka, bamama bazee banamuzika nyuma ya nyumba, bila machozi, bila jina. Mama yake haambiwe kitu, juu mutoto mwenye atamufuata asiitwe na ule mwenye alikufa. Banafanya vile juu ya kukupenda, haina juu ya kukuficha. Tulinyamaza, na Abigaëlle akakuja, akakaa. Unatafuta nini tena?

Busu mutoto.

Mama yako


Ruashi, tarehe 13 oktoba

Mama mupenzi,

Salamu nyingi. Samaki tulikula na bukari ya unga ya mahindi, Merdi akalamba sahani, akasema nikuambie weye njo mama yake wa kweli, ule mwingine alimuzaa tu. Abigaëlle anasimama kwa kushika kiti.

Usinikasirikie. Nilisoma barua yako nikalia kidogo, kiisha nikaiweka mu Biblia.

Nikuelezee. Ku kazi, miye njo nilisimama nikasema dictionnaire ibakishe "alirudi" kwa bote. Nilisema, ni neno ya upole, haiumize mama. Mama Joséphine akaniangalia sana. Akasema: "Binti, miye niko na batatu benye balirudi. Babili sikubasikia sauti. Wa tatu alilia asubui yote, nikamupatia ziwa, akanyonya. Usimutie mu mufuko moja na bengine." Nikakaa chini. Nilikuwa nafikiri niko nasaidia bamama, kumbe nilikuwa nafunika batoto.

Kiisha tukaandika pamoja, na Docteur akakubali. Nakukopiria hapa chini vile iko:

"Mutoto mwenye alizaliwa muzima: ni mutoto mwenye alitoka mu tumbo ya mama yake, na akalia, ao akapumua, ao moyo yake ikapiga, ao akatikisa mukono ao muguu, hata kwa kitambo kidogo. Huyu anahesabiwa mu batoto."

Iko na neno ingine ya mwenye alitoka bila hata kimoja ya hivyo. Na kama mama hajui, tunaandika "haijulikane". Docteur anasema ile pia ni jibu ya kweli, hakuna haya.

Lakini mama, bantu bote bananiita Mama Abigaëlle, kwa jina ya mutoto wa kwanza, vile banaitaka kila mama. Naitika. Na kila mara naitika, nasikia kama kuna mwenye namuacha nyuma ya nyumba.

Haina lazima iwe habari muzuri. Kama hakulia, niandikie tu, hakulia.

Mutoto yako,
Daniella


Kijijini, tarehe 6 novemba

Daniella,

Mumba ameniambia Abigaëlle eko ku hôpital, mwili moto, macho imegeuka juu.

Nilikuambia.

Sasa nyamaza, mwanangu. Usiulize tena, usiandike tena ile maneno. Niko napiga magoti asubui na magaribi.

Mama


Ruashi, tarehe 24 novemba

Mama yangu,

Salamu, na pole kwa ile woga. Abigaëlle amepona! Tuko ku nyumba. Amekonda, lakini jana alinivuta nywele mpaka nikapiga kelele, njo nikajua mutoto yangu amerudi kwangu.

Ilikuwa malaria, mama. Infirmière wa hôpital alipima damu kwanza, akaona, akamuwekea serum ya mu mushipa. Hata mu dictionnaire yetu tulitenganisha: "homa" ni mwili moto, "malaria" ni ile yenye damu imeonyesha. Juu kama kila mwili moto unaiita malaria, ile yenye haina malaria itakuulia mutoto huku unamunywesha dawa ya bure. Kitandani pale, nilifikiri sana juu ya hii. Haina maneno yangu kwako njo iliita ugonjwa. Ni mbu. Tulikuwa tumefua moskitero, chandarua ya mbu, tukalala bila kuifunga.

Sikusukume, mama. Najua kule weye njo ulibaki na ile mambo, na unaibeba peke yako mpaka leo, ili miye nitembee mwepesi. Nakushukuru. Lakini sasa niko mukubwa kidogo, naweza kushika upande yangu.

Maneno ya dictionnaire batafunga mwezi ya desemba yenye inakuja. Majibu ya bamama, Docteur atayapokea mpaka mvua iishe. Karatasi yangu nimeandika yote: nyumba, maji, kazi ya Merdi, Abigaëlle. Pa mutoto wa kwanza nimeacha wazi. Kama hakuna barua, nitaandika "haijulikane", na sitakuuliza tena, na nitakupenda vilevile.

Nakutumia foto. Ona mashavu.

Mutoto yako,
Daniella


Kijijini, tarehe 19 januari 2025

Mama Kalaba,

Salamu kwako, kwa bwana yako, kwa mutoto. Njia ilikatika, Mumba hakupita tangu Noeli. Barua hii nimeiandika, nikaipasua, nikaiandika tena.

Alilia.

Kwanza kidogo, kama katoto ka mbuzi, kiisha kwa nguvu. Damu ilikuwa inakutoka, bale bamama bazee bote beko juu yako, njo bakanipatia yeye. Nilikuwa nakuangalia weye, yeye nimemushika pa kifua. Alikamata kidole yangu. Jua ilikuwa inapanda. Alipumua mpaka umande ikakauka mu majani, kiisha akaacha.

Bale bamama bazee balisema azikwe bila jina. Lakini mutoto alifungua macho akaniangalia, Daniella. Sikuweza kuangaliwa vile na mutu mwenye sina namna ya kumuita. Nikamuita polepole, ili bale bengine basisikie: Kalaba. Jina ya baba yako. Sijamuambia mutu.

Andika: alilia, alipumua, alikamata kidole. Na kama ile dictionnaire haina neno ya mutoto mwenye aliangalia, uambie Docteur hajamaliza.

Pale nyuma ya nyumba iko pembeni ya muti ya mapapai. Wakati njia itakauka, kuja. Nitakuonyesha. Ukuje na Abigaëlle, miye woga bado iko, lakini nitamushika mukono.

Ni miye,
nyanya ya Kalaba na ya Abigaëlle