Namba Moja Juu ya Moto wa Kathambi

Ruiri, Meru
15 Machi 1998

Kwako ndugu yangu Mutugi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na nyumba yote. Sijui huko Embu mnaendeleaje, wewe na mama Nelius, na ule mguu wako unaovimba. Sisi tuko, Mungu anatubeba. Mvua ile kubwa ilituharibia barabara lakini maharagwe yamekubali. Jembe bado nashika, na vijana wa hapa hawajanifikia.

Usishangae mwandiko. Nimeandika mwenyewe, sikumpa mtu. Unajua shule niliiacha darasa la pili, kusoma nikajifunzia kwa zile katuni zetu, picha kwanza, maneno nyuma.

Zile ulizoniachia nimezitengeneza. Uchafu niliusugua kwa makombo ya mkate mkavu, pini zenye kutu nikatoa, nikashona kwa uzi mweupe. Mwiti wa Majengo, yule muuza magazeti ya zamani, alisema hajaona mkono kama huu Meru yote. Nikamwambia asijisumbue kutafuta, mwingine hayuko. Najua wewe hukubali. Unasema katuni iliyoraruka ikabaki ya kweli ina thamani kuliko iliyoshonwa, na kwamba nyinyi wakusanyaji mnaangalia kwanza pembe, halafu pini, halafu kama karatasi bado ni nyeupe. Sawa. Mimi nimevaa viraka maisha yangu yote na sijatembea uchi.

Sasa nije kwa Namba Moja, ile katuni ya kwanza kabisa ya mpelelezi wa pikipiki, uliyoitafuta tangu nywele zako zikiwa nyeusi. Uliniletea Agosti kwa sababu nyumba yako ilikuwa inavuja, ukaniambia nisiiguse, niiweke tu mahali pakavu. Krismasi ulipokuja ukaikuta kahawia kama chai, inavunjika kwenye mkunjo kama biskuti. Nikakuambia ni Kathambi, mke wa mwanangu, aliyeipeleka jikoni awashie moto, nikaiokoa mimi. Ukamwambia mbele ya wageni kwamba ni mwanamke asiyejua thamani ya kitu, na chai yake hukunywa. Akachukua kikombe akarudi nacho jikoni.

Mutugi, tangu siku ile sijakaa vizuri. Kathambi hajanisema kwa mtu, hata kwa mume wake. Chakula changu bado kinakuja kikiwa moto. Lakini sasa anawasha moto kwa magunzi peke yake, karatasi hata ya sukari hagusi. Juzi magunzi yalikuwa yamelowa, nikamwambia achukue gazeti la mwaka jana. Akasema hapana Baba, usije ukalitafuta kesho. Alisema polepole tu, akaendelea kupuliza, macho yanamtoka machozi ya moshi. Nikatoka nikaenda kusimama na ng'ombe.

Ukweli ni huu. Novemba niliona jalada limeanza ukungu. Nikaifunga Namba Moja kwa kitambaa, nikapanda dari ya jikoni, nikaitundika juu ya moto pale tunapotundika mahindi ya mbegu, vile mama alikuwa akifanya ili moshi ufukuze wadudu. Kathambi ndiye alinishikia ngazi. Aliniambia, Baba, hayo ni makaratasi, yatakauka kupita kiasi. Nikamjibu kwamba nilikuwa natunza mbegu kabla baba yake hajaoa. Ulipokuja nikaona haya ukijua ni mimi, kwa vile nilivyokuwa nimejisifu kwako. Nikamtwika yeye.

Pasaka ukija, usianze kwangu. Pita jikoni umsalimie Kathambi, unywe ile chai, na useme mbele ya watu kwamba si yeye, kama vile ulisema yale mengine. Mimi nitakuwa hapo, nitasema yangu. Vipande vya Namba Moja viko kwenye sanduku langu la bati. Sijashona, sijabandika. Mdudu hajaigusa hata mmoja, hilo nalo ulijue.

Wasalimie mama Nelius na watoto wote, na majirani wanaonikumbuka. Sina zaidi.

Ni mimi mkubwa wako,
Kinyua

Barua hii nimempa Kathambi aisome kabla sijaifunga. Amepangusa mikono kwa leso, akaipangusa tena, ndipo akaishika. Bado anasoma.