Vifungo Tisa

Kwa kaka mwenye kauli ya mwisho,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kifo cha vifungo tisa vya sare ya binti yako. Nilivishona mwenyewe Jumatatu. Jumatano vyote vilikuwa chooni. Cherehani yangu haijambo, asante kwa kutouliza.

Nilipomuuliza kwa nini, akaninong'oneza, "Shangazi, vinanitazama. Weka zipu, lakini usiseme kwa sauti." Msichana wa miaka kumi na tano, wa pili darasani muhula uliopita! Siku hizi haonji kitu ila yai la kuchemsha, tena alimenye mwenyewe, maana ganda halipitishi sumu.

Wewe ukasema kwenye simu, "Anadeka huyo. Mtandike, akili itamrudi. Na marufuku kumpeleka hospitali kabla sijaja, mtanitia aibu." Kaka, aibu hiyo inaishi kwangu na hujaja hata kuisalimia. Wiki saba tumekungoja, na wiki zote saba mtoto amezidi kuogopa. Sikusomea akili za watu, lakini mshono ukianza kufumuka, fundi hangoji ufike kwapani.

Basi jana nilimpeleka. Njia nzima nilikuwa nakutungia utetezi: uko mbali, kazi imekubana, baba ni baba. Muuguzi hakuuliza habari zako. Alisema shangazi anatosha, na kwamba ningeweza kumleta tangu wiki ya kwanza.

Dada yako